Chumvi ya Baba na Rangi za Mawingu ya Nyota

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia shule ya msingi, na mistari yangu inapanda na kushuka kama barabara ya Kamango. Naandika polepole.

Wakati ule wa vita tulikaa mji wa Butembo, mtaa wa Kimemi. Baba alikuwa amekwenda Kamango kutafuta chumvi ya kuuza, kisha askari wakafunga barabara. Mama alibaki na chumvi kidogo, imefungwa katika karatasi ya gazeti la Kifaransa. Kila jioni alitia chunguni kiasi cha ncha ya kidole. "Itatufikisha mupaka baba yenu arudie," alisema. Mimi niliamini kwamba ikiisha kabla, hatarudi.

Kwenye karatasi ile kulikuwa na picha ya mawingu katikati ya nyota, mekundu huku, ya buluu kule. Niliitazama mpaka nikasikia kama ninaelea. Siku tatu nilitafuta ujasiri wa kumuuliza mwalimu wetu, mtu wa Kasai aliyefundisha bila mshahara.

"Ile nyekundu ni gazi, ni kama hewa," alinijibu. "Nyota zinaichoma mupaka inawaka, na kila gazi iko na rangi yake. Hata chumvi mu moto iko na yake. Lakini ile ya buluu, hapana kuwaka. Ni vumbi tu, inarudisha mwangaza ya nyota."

Mama alipokwenda kuchota maji, niliinama mbele ya mbabula, jiko letu la makaa. Makaa yalikuwa na miali midogo ya buluu. Nilitaka kutupa chembe chache tu. Lakini karatasi ilikuwa imelowa jasho la mikono yangu, ikapasuka, na chumvi yote ikamwagika. Moto ukageuka manjano, manjano tupu kama ndizi iliyoiva. Kwa kitambo nikamsahau baba.

"Weye mutoto, unapikia nani? Bamalaika?"

Mama alikuwa mlangoni na kidumu chake. Nilimwonyesha kipande cha picha, nikamwambia maneno ya mwalimu. Aliangalia manjano ile ikififia, kisha akagusa buluu ya picha.

"Na hii ya buluu?"

Nilimwonyesha moshi uliokuwa ukipita kwenye jua lililoingia katika tundu la bati. Ulikuwa wa buluu.

"Kumbe," akasema, akaketi chini.

Tulikula maharagwe yasiyo na chumvi siku nyingi, nami sikumtazama usoni. Kisha asubuhi moja ya ukungu baba akafika kwa miguu, amekonda, na mfuko wa chumvi begani. Hata salamu hazijaisha, mama alichota chembe mfukoni, akazitupa kwenye mbabula.

"Angalia kwanza," akamwambia.

Wewe unayesoma, kama umewahi kutupa kitu motoni, niandikie kiliwaka rangi gani. Nitajibu, ingawa polepole.