Mnyama Aliyemeza Sauti

Kipindi baba alipolazwa kule Mibirizi, mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha saruji, chini Bugarama. Asubuhi nikitoka kazini nilikuwa naoga, navaa shati safi, napanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka hospitalini kilimani. Huko nilikuwa nampokea zamu dada yake mke wangu aliyekesha na mgonjwa, namwosha baba uso, namnywesha uji, kisha nakaa kwenye benchi la mbao kando ya kitanda na kusinzia hadi mchana. Vumbi la saruji halitoki lote hata ujisugue namna gani. Lilikuwa linabaki kwenye kope, na wagonjwa wengine walizoea kunitania kwamba nimezeeka kuliko baba yangu. Kusema kweli hata mimi nilikuwa najihisi hivyo.

Baba alikuwa na kisukari, na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Bukavu na Uvira, enzi tulipokuwa tunaishi Kongo. Mwili ulikuwa umekwisha, mdomo ulikuwa haujaisha. Alikuwa anasimulia hadisi. Sisi tuliokulia Bukavu tunaziita hivyo hivyo, hadisi, zile ngano za wanyama na mazimwi ambazo watoto wanasimuliwa. Yeye alizikusanya njiani: kwa makuli, kwa akina mama waliokuwa wanauza ndizi kwenye kona za mlima, kwa madereva wenzake waliokwama naye kwenye matope. Alizisimulia zote kwa Kiswahili chetu kile cha Bukavu, na wodi nzima ilimwelewa, hata wale ambao nyumbani kwao ni Kinyarwanda tu.

Alikuwa na namna yake ya kuanza. Anagonga chuma cha kitanda kwa pete, halafu anauliza, "Mulango iko wazi?"

Wagonjwa wanajibu, "Iko wazi, ingia!"

Mtu asipojibu, haanzi. Nilimwona siku moja akimsubiri mzee mmoja mkulima wa mpunga, Mwislamu kutoka kwetu bondeni, aliyekuwa amegeukia ukuta kwa maumivu. Alimsubiri kwa heshima kabisa, wala hakumsema. Yule mzee alipojibu hatimaye kwa sauti ndogo, ndipo baba akaanza.

Siku ninayotaka kuieleza, alikuwa anasimulia ile ya mnyama aliyemeza sauti. Mnyama huyo aliishi pale ambapo maji ya ziwa yanaanza kuwa mto. Hakula nyama. Mtu akiinama kuteka maji, mnyama anammeza sauti, na mtu anarudi nyumbani na mtungi wake umejaa, mdomo wake mtupu. Kijiji kizima kikawa kimya. Mbuzi walilia, mbwa walibweka, watu hawakuweza hata kumfukuza kuku. Mwishoni anakuja msafiri kutoka mbali, mjanja, anamwambia mnyama kuwa sauti alizomeza ni ndogo ndogo, za kitoto. Kama yeye ni dume kweli, ameze sauti ya maporomoko. Mnyama anafungua kinywa, anameza mngurumo wa maji yote, anapasuka.

Hadisi hiyo niliijua tangu sijaanza shule. Kwa hiyo sikuisikiliza hasa. Nilikuwa nimeegemeza kichwa ukutani, macho yamefumbwa, miguu inauma, na sauti ya baba inapita juu yangu. Akafika mahali ambapo kijiji kimenyamaza, akanyamaza na yeye kidogo kama alivyozoea. Na mimi, katikati ya usingizi, nikajibu kwa nguvu:

"Hapana ile, leta ingine!"

Nilishtuliwa na sauti yangu mwenyewe. Wodi ilicheka. Kijana mmoja aliyevunjika mkono kwenye machimbo akasema, "Papa, mutoto wako amechoka na hii hadisi, anataka ingine."

Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Ile umeitoa wapi?" akauliza.

"Ile gani, Papa?"

"Ile neno umesema."

"Si iko ndani ya hadisi? Pale mama mzee anaenda kwa mnyama kudai sauti."

"Kwa hadisi yangu hakuna mama mzee."

Nilidhani ni homa. Nikamweleza kama unavyomweleza mgonjwa, polepole. Kwamba kuna bibi kizee aliyefiwa na binti yake, na sauti ya binti huyo ilikuwa imemezwa kabla hajafa. Bibi anakwenda majini, anamwambia mnyama: nirudishie moja tu, ya mtoto wangu, nyingine zote baki nazo. Mnyama anaona hiyo ni bei nafuu. Anatapika sauti moja, bibi anaisikiliza, anasema, "Hapana ile, leta ingine." Anatapika nyingine. "Hapana ile, leta ingine." Na kila sauti ikishatoka, inakimbia kwenda kijijini kumtafuta mwenyewe. Mnyama anakuja kushtuka tumbo limebaki tupu. Na kwa sababu sauti zilikimbia kwa haraka, nyingine ziliingia kwa watu wasio wenyewe, ndiyo maana mpaka leo unakuta mtoto anacheka kama mjomba wake.

Kufikia hapo wodi yote ilikuwa inasikiliza. Baba alikuwa ameshika ukingo wa shuka.

"Na yule msafiri?" nikamwuliza. "Anakuja baadaye, si ndiyo?"

"Msafiri ni wangu," akasema. "Ile ingine ni ya mama yako."

Akageuka. Hakumaliza hadisi siku ile, na hakuna aliyemwomba.

Mama alifariki Bukavu nikiwa mdogo, kabla hatujarudi Rwanda. Ninakumbuka kitambaa chake cha kichwa, cha kijani, na mikono yake ikichambua maharagwe. Sauti yake siikumbuki hata kidogo. Miaka yote nilikuwa naamini kwamba hadisi zote za utotoni mwangu ni za baba, kwa sababu baba ndiye niliyebaki naye na ndiye aliyeendelea kuzisimulia. Kumbe kichwani nilikuwa nimezishona mbili zikawa moja, na ile nusu niliyoipenda zaidi haikuwa yake.

Kesho yake nilipofika, alikuwa ameamka mapema kuliko kawaida. Aliniambia bila kuulizwa.

"Mama yako alikuwa anaisimulia mimi nikiwa njiani. Ninarudi na lori, ninasikia batoto banapiga kelele, leta ingine, leta ingine. Nikamwambia, mama, unaharibu hadisi. Mwenye kuua mnyama ni mwanaume. Akaniambia, mwanaume wako hakuwa na mutu wa kutafuta, alikuwa anapita tu."

"Ukamjibu nini?"

"Nimujibu nini? Kesho nilipanda lori."

Nilimwomba aisimulie yote, kama mama alivyokuwa anaisimulia. Alikataa. Si kwa hasira. Alisema yeye katika hadisi ile alikuwa wa kujibu tu, hajui inavyoendeshwa, na hawezi kuendesha gari la mtu mwingine kwa sababu ameliona likipita.

Basi nikampigia simu dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, ameolewa Bukavu na anauza vitenge. Alikuwa anavuka mpaka kuja kumwona baba kila alipoweza, ila kuvuka kulikuwa kunamchosha: foleni, jua, kisha moto mpaka Kamembe, kisha gari la kupanda mlima. Alikuja mwisho wa juma, amebeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga ndani ya mfuko. Alipomaliza kumweka baba sawa kitandani na kunisema kwamba nimekonda, nilimwuliza kama anaikumbuka hadisi ya mama.

"Ile ya mnyama wa sauti? Na wimbo wake?"

Sikujua kwamba ina wimbo.

Akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Baba aligonga chuma kwa pete, safari hii si yeye wa kusimulia. Dada akauliza kama mlango uko wazi, na baba akajibu pamoja na wengine, kwa sauti iliyopasuka. Sikuwahi kumwona upande ule wa hadisi. Alisikiliza kama mtu anayekaguliwa mzigo wake barabarani, hajui watamwachia nini.

Dada aliimba ule wimbo mfupi wa bibi kizee, wa kumwita mtoto wake, maneno yake nusu ni Kimashi, lugha ya wenyeji wa Bukavu, mama aliyatoa kwa majirani. Wodi ilijibu "leta ingine" mpaka muuguzi akaingia kutazama kuna nini, akaishia kusimama mlangoni. Halafu dada akafika mwisho. Mnyama anatapika sauti ya mwisho kabisa, bibi anaisikiliza, ni ya binti yake. Anaibeba ndani ya kibuyu, anakwenda nayo nyumbani, na kila asubuhi anakifungua kidogo, wanasalimiana.

"Hapana," nikasema. "Haikuwa hivyo. Hakuipata."

"Aliipata."

"Dada, hakuipata. Tumbo la mnyama linaisha, zote zimetoka, yake haimo. Bibi anarudi mikono mitupu, lakini kijiji kizima kinaongea. Anakaa mlangoni anawasikiliza."

"Wewe ulikuwa mudogo. Unakumbuka nini?"

"Nakumbuka kwamba nililia."

Tulibishana kweli, watu wazima sisi, mbele ya wagonjwa. Ilikuwa ni uchovu pia. Mimi nilikuwa sijalala, yeye alikuwa ametoka kusimama juani tangu asubuhi. Dada akafikia kusema kwamba nimeibadilisha mimi mwenyewe, kwa kuwa napenda mambo ya huzuni. Baba akanyanyua mkono.

"Muko na haki bote wawili," akasema.

Akatuambia kilichotokea. Kati ya dada na mimi alizaliwa mtoto mwingine, msichana. Hilo tulilijua, kwa mbali, kama unavyojua kitu ambacho hakizungumzwi. Alikufa kwa surua akiwa ameanza kusema maneno ya kwanza. Baba alikuwa Uvira, lori limeharibika, na alipofika alikuta wameshamzika. Mama hakusimulia hadisi yoyote kwa muda mrefu. Alipokuja kuanza tena, mimi nikiwa nimeshazaliwa na kukua kidogo, kibuyu hakikuwemo tena.

"Nilimwuliza," baba alisema. "Mama, kibuyu iko wapi? Akaniambia, hakuna kibuyu. Nikaacha."

Dada alikuwa anatazama miguu yake. Baadaye akasema, taratibu, kwamba anakumbuka kipindi mama alipoacha kusimulia. Yeye alidhani ni kwa sababu amekuwa mkubwa, hadisi si zake tena. Alikuwa amemkasirikia mama kwa ajili hiyo.

Hakuna aliyelia. Tulikula sambaza. Tulimpa na mzee wa mpunga, akasema zina chumvi nyingi, akaongeza nyingine.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasikia watu, redioni na kwenye sherehe za shule, wakisema hadisi za wazee zimetufikia jinsi zilivyokuwa, kama jiwe. Sibishani nao. Sina nguvu za kubishana. Lakini mimi nimeona ya kwetu ilivyogeuka ndani ya nyumba moja, chini ya paa moja la bati, kwa sababu ya mtoto mmoja. Na kama bibi wa bibi aliyeianzisha naye alikuwa na jambo lake lililomsukuma, hatutalijua. Limo humo ndani, limevaa nguo ya mnyama.

Baba walimkata mguu chini ya goti, akapona kidonda, nikamleta kwangu Bugarama. Joto la bondeni hakulipenda. Alisema ni sawa na kukaa karibu na injini. Jumapili alasiri, tukitoka misa, alikuwa anakaa kwenye kivuli cha nyumba na binti yangu, anamsimulia. Nilimsikia akianza ile ya mnyama. Nilikuwa nimelala chini kwenye mkeka, uso umefunikwa na shati. Alisimulia vizuri mpaka kijiji kikanyamaza. Hapo akaniita.

"Ee. Amuka. Hapa ni wewe."

"Papa, nimekesha kazini."

"Mutoto anangojea."

Nikaketi. Nikasimulia bibi kizee, vibaya, maneno ya Kimashi nikayaruka kwa sababu yalinitoka. Binti yangu alijibu "leta ingine" kwa furaha kila mara, hata pale pasipotakiwa. Tulipofika sauti ya mwisho, baba aliniinamia kusikia nitasemaje. Nilisema haimo. Binti yangu alifikiri, akasema labda bibi hakuitambua, kwa sababu watoto wakikua sauti zinabadilika, labda ilitoka mapema na yeye akaikataa.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilishindwa kucheka. Niliona mwisho huo ndio mbaya kuliko ile yetu miwili, na ndio wa kweli zaidi.

Baba alifariki msimu wa mvua kubwa, nyumbani, mchana, redio ikiwa imewashwa. Tulimzika, tukakaa matanga. Dada alibaki nasi mpaka viti vya kukodi viliporudishwa, kisha nikamsindikiza kupanda gari la Kamembe. Aliniambia nisiache kusimulia. Nilimwambia nitasimulia nikiwa na nguvu.

Mara nyingi sina. Bado niko zamu, mgongo unauma, na binti yangu sasa ana masomo mengi na simu ya mama yake. Lakini juzi aliniomba mwenyewe, wakati tunapepeta mchele uani. Nilimwambia kesho. Kesho yake aliniomba tena, nikaanza. Sikukumbuka kuuliza mlango. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikamtaja msafiri mapema mno, na ilibidi nimwondoe. Aliniacha niendelee hivyo hivyo, huku anapepeta, na pale palipotakiwa alinijibu.