Jirani Aliyemtafuta Mama Mdogo

Juzi nilipita mtaa wa Parkdale, hapa Ontario, nikakuta jengo letu la zamani limezungushiwa vyuma vya mafundi, wapangaji wote wamehamishwa. Nilisimama upande wa pili wa barabara kutafuta madirisha yetu, na pale pale, rafiki yangu, ikanijia harufu ya karanga zinazokaangwa.

Nyanya alizitwanga sebuleni, kinu kimewekwa juu ya blanketi lililokunjwa ili jirani wa ghorofa ya chini asilalamike. Wa chini alikuwa mzee wa Kizungu, mwanamke aliyeishi peke yake. Siku alipopanda kugonga mlango, mama alishika kichwa akijua tunafukuzwa. Kumbe alifuata harufu. Alikula sombe, yale majani ya muhogo yenye karanga, na ugali wetu wa bukari kwa uma, akaomba tena, na kuanzia hapo mimi na nyanya tukawa wageni wake kila Jumamosi.

Meza yake ilijaa makaratasi. Alikuwa akiutafuta ukoo wake: Wajerumani walioteremka mto Rhine, wakavuka bahari hadi Pennsylvania wakati Marekani ingali koloni la Waingereza. Vizazi vya baadaye ndivyo vilivyohamia huku Ontario. Alikuwa na nakala za orodha za meli, za vitabu vya ubatizo, na picha za mawe ya makaburi. Jina la babu mmoja liliandikwa kila mahali kivyake, maana karani Mwingereza aliandika alichosikia. Mimi nilikaa katikati, nikifasiri.

"Na wanawake wako wapi?" nyanya aliuliza, kidole kikishuka kwenye orodha.

"Meli hii waliandika wanaume wakubwa tu," jirani alijibu.

"Kwa hiyo wake zao walikuja kwa kuogelea?"

Jirani alicheka hadi akavua miwani. Nyanya hakucheka. Alinigeukia, akasema polepole, "Mwambie, kama anawapata hao waliokufa zamani hivyo, anitafutie mwanangu. Wangu ni wa juzi tu."

Mwanawe huyo ni mama mdogo, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa sijui kutembea. Tulipotezana naye tukikimbia vita kule Kivu, mvua ilipotawanya msafara. Nyumbani jina lake halikutajwa. Mama akilisikia alitoka chumbani. Niliogopa kufasiri, lakini nyanya alikuwa amenikazia macho. Nikafasiri.

Jirani aliwasogeza Wajerumani wake pembeni, akachukua kalamu. Nyanya alimpa yote: parokia, wasimamizi wa ubatizo, kovu la kisigino. Majira yote yale ya baridi jirani aliandikia kambi za wakimbizi na mashirika, akijaribu jina kwa kila tahajia. "Makarani ni wale wale," alisema. Parokia ilijibu kwamba vitabu vyake viliungua. Wengine hawakujibu kabisa.

Kisha zikaja habari za mwanamke kambini Tanzania, jina lile lile, umri ule ule. Mama, ambaye hakuwahi kuimba tangu tufike Kanada, aliimba akiosha vyombo. Nyanya alitenga kitanda. Picha ilipofika tuliizunguka sote. Hakuwa yeye.

Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Nyanya aliishika ile picha kwa muda mrefu.

"Huyu naye ni mtoto wa mtu," alisema. "Mwambie jirani amjulishe leo hii. Asikae huko akitungoja."

Mama mdogo hatukumpata. Nyanya alifariki akiwa bado anauliza kama posta imepita. Jirani alipelekwa nyumba ya wazee, na nilipokwenda kumwona alinisalimu kwa Kiingereza cha heshima, kama mtu asiyenijua. Mama naye ameshatutoka.

Wanangu wanaelewa Kiswahili ila hunijibu kwa Kiingereza. Nikiwasimulia habari za mama mdogo wanasikiliza kwa adabu, kisha wananiuliza alifananaje. Ninaanza kuwaeleza, ninafika kwenye macho, na hapo ninanyamaza, kwa sababu uso unaonijia siku hizi ni wa yule mwanamke wa kwenye picha.