Nyumba Haina Kuta, Mlango Inao

Enzi zetu, mtoto wa Iramba hakununuliwa mdoli. Wa nini? Sisi tulikuwa na mji mzima wa kuchezea, mji usio na mtu hata mmoja. Asiyeamini aje hapa hotelini kwangu Shelui, nimpe chai kwanza, halafu nimpeleke. Bado upo.

Tuliuita mahame. Ndiko walikoishi wazee wetu kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Misigiri, ambako mimi na kaka yangu Yona tulizaliwa. Kutoka kijijini hadi mahameni ulikuwa mwendo wa kumaliza karanga za mfuko mmoja wa kaptula ya Yona. Likizo ikifika tunashinda huko na mbuzi. Nyumba za tembe zilishaanguka zamani, yamebaki matuta ya udongo, vigae vya vyungu na ua wa minyaa uliokataa kufa. Palipokuwa zizi, maboga yalijiotea bila kuombwa. Tulicheza kombolela, tukacheza baba na mama kila mmoja na chumba chake, tukatafuna michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, mpaka taya zikauma. Leo mjukuu wangu akikosa bando nusu saa, anasema nyumbani kunaboa. Angeonja michembe angejua kuboa ni nini.

Tatizo la mahame lilikuwa moja tu: Bibi, mama yake baba. Alipenda kuja kuchuma majani ya maboga, na akiwepo yeye hupiti unapotaka. Ukikatiza tu, unasikia, "Wee! Hapo ukutani hapo! Pita mlangoni!"

Ukuta wenyewe hakuna. Mlango wenyewe hakuna. Lakini tunarudi, tunazunguka, tunasimama pale anapoonyesha, tunapiga hodi. Na yeye, amesimama zake juani katikati ya magugu, anaitikia kwa heshima zote, "Karibuni!" Hapo ndipo tunaingia. Siku moja Yona alicheka, akapigwa kofi la kisogoni ambalo mpaka leo akisikia hodi anajishika shingo.

Mlango aliujuaje? Kwa jiwe. Jikoni kwake lilibaki jiwe la kusagia, lile kubwa tunaloliita jiwe mama, kubwa kama mbuzi aliyelala, lina bonde katikati lililochimbwa na mikono ya mama mkwe wake na ya kwake. Jiwe mtoto, lile dogo la kushika mkononi, alikuwa nalo kijijini. Siku ya kuhamishwa waliambiwa haraka, haraka, lori linasubiri, naye akadaka hilo dogo akapanda. Ukisimama penye jiwe mama ukafuata linakoelekea, mlango uko mbele, zizi liko kushoto, chumba cha wageni kiko nyuma yako. Nyumba nzima aliisoma kutoka hapo.

"Sikuaga," alikuwa akisema. "Nilitoka kwangu kama mwizi."

Basi ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Nyie wenzangu mnaikumbuka. Sisi tuliopanga foleni ya sukari mpaka tukasahau tumekuja kununua nini, ghafla tukaanza kuona sabuni za kunukia na mashati ya mitumba yenye maandishi hatuyajui. Ila vitu hivyo havikuja kijijini kwetu. Viliishia Shelui, barabarani, yanakosimama malori. Na watu wakavifuata. Alianza fundi cherehani, akafuata mwenye mashine ya kusaga. Kila wiki unaona mtu yuko juu ya nyumba yake anang'oa bati. Nyumba ya udongo ikishavuliwa bati, mvua ya msimu mmoja inaimaliza. Darasani kwetu madawati yalianza kututosha, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu shule ifunguliwe.

Baba naye akapata kiwanja Shelui, afungue hoteli ya madereva. Mama alishanunua masufuria. Mimi nilikuwa naota soda, usingizini nasikia kabisa kizibo kikifunguliwa. Kilichobaki ni Bibi tu, na Bibi akagoma.

"Nilishahamishwa mara moja, mwanangu. Mimi siyo chungu, kila mara nabebwa. Nendeni."

Sasa baba yangu hakuwa mtu wa kumwacha mama yake nyuma. Bibi asipokwenda, hakuna anayekwenda. Baba alibembeleza, akaita wachungaji, akaita wajomba, wapi! Miezi ikapita, majirani wakazidi kupungua, na mwenye kiwanja akaanza kutuma salamu kwamba kuna mtu mwingine anakitaka.

Baba akafikiri sana, akafikiri vibaya. Asubuhi moja akamchukua Yona, jembe na maksai wawili, wakaenda mahameni bila kuaga mtu. Walirudi jua limepanda, maksai wanakokota panda la mti, na juu yake kuna kitu kimefunikwa gunia. Baba alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Shikamoo mama. Nimekuletea jiwe lako. Sasa hatukuhamishi wewe, tunahama na nyumba yako."

Akafunua. Bibi aliliangalia lile jiwe, lina udongo mbichi ubavuni. Hakuitikia hata ile shikamoo, na kwetu hilo ni jambo zito. Akachukua kanga yake na fimbo, akashika njia ya mahameni. Tukamfuata.

Alipofika akasimama. Akaenda kushoto kidogo, akasita. Akarudi. Mvua za miaka yote zile zilishasawazisha matuta, magugu yalikuwa kiunoni, na shimo la jiwe halikuonekana kwa jinsi Baba alivyolifukia vizuri ng'ombe za watu zisivunjike miguu. Bibi akageuka, akatuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mlango uko wapi?"

Baba akaonyesha huku. Yona akaonyesha kule. Mimi, niliyepiga hodi pale maisha yangu yote, nikaonyesha kwingine kabisa. Bibi akakaa chini, nje ya nyumba yake, akalia. Nililia na mimi. Soda zote zilinitoka kichwani.

"Mama, nilidhani unalililia jiwe," Baba alisema, kofia mkononi.

"Jiwe la nini? Unga si tunasaga mashineni? Mimi nilitaka kuja kuaga kwangu. Sasa niingie kwangu kwa kuruka ukuta?"

Baba hakusubiri kesho. Jiwe lilirudi siku ileile. Tulipopekua magugu, udongo mpya ulituonyesha shimo, lakini kuliweka ikawa ugomvi, huyu anasema liangalie huku, huyu kule. Bibi akatusogeza wote. Akapiga magoti, akaweka mikono ndani ya lile bonde, akasukuma na kuvuta kama anasaga. "Mimi nilikuwa nasaga huku nauangalia mlango, nyie msiniibie karanga. Zungusheni. Bado. Bado kidogo. Hapo!"

Akainua macho, na mlango ulikuwa mbele yake.

Alizunguka akasimama nje, akamwita Baba apige hodi. Mwanaume mwenye mvi, mwenye mke na watoto, akapiga hodi kwenye hewa tupu. Bibi akaingia, akafagia kwa tawi, akapita chumba kwa chumba akitaja nani alizaliwa wapi na nani alifia wapi. Kisha akatutoa wote kwa mlangoni, akanyoosha mkono, akarudishia mlango taratibu.

"Haya," akasema. "Twendeni huko kwenye malori yenu."

Soda niliinywa, na ilikuwa tamu kama nilivyoiota. Bibi aliishi Shelui miaka mingi akigombana na madereva wanaokula bila kunawa. Lile jiwe mtoto lipo hapa hotelini, ndilo linalozuia mlango upepo ukivuma.

Mwaka jana nikawapeleka wajukuu mahameni. "Bibi, tutumie location," wananiambia, eti mimi. Mtandao wenyewe huko haushiki. Tulifika kwa miguu, jiwe likatuonyesha mengine yote. Mdogo wao akakatiza, nikamkemea, "Wee! Hapo ukutani hapo!" Wakacheka, wakazunguka, wakapiga hodi. Nikaitikia karibuni kwa sauti ya Bibi kabisa.

Wakati wa kurudi tukapitia kijijini kwetu, pale nilipozaliwa mimi. Hakuna tena kijiji. Bati ziling'olewa, matofali yakayeyuka, watu wanalima alizeti. Nilijua tu ni maeneo hayo hayo, nyumba yetu ilisimama wapi sijui. Sisi tulisaga mashineni, hatukuacha jiwe.

Yule mdogo alishajifunza. Akasimama pembeni ya alizeti, mkono tayari kubisha, akanigeukia.

"Bibi, kwenu tupitie wapi?"