Jumapili Tuliyokwenda Kutazama Baragumu la Pembe

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa nimesimama mbele ya watu, picha ikiwa ukutani, na sauti yangu imejaa uhakika. Nilisema baragumu lile la pembe ya ndovu, lenye ngao ya mfalme wa Ureno na wawindaji wakifukuza paa wa Ulaya, lilichongwa na mafundi wa Kireno waliohamia Afrika Magharibi. Sikulisoma popote. Niliona ngao, nikakisia. Historia nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba baada ya zamu, na mtu wa namna hiyo huona aibu kusema hajui.

Hayo yalitokea katika darasa langu la Jumamosi, ukumbi wa kanisa moja Brooklyn Center, kando ya jiji la Minneapolis, ambako nawafundisha watoto wa Kiafrika habari za bara lao. Mama Kadiatu, muuguzi mstaafu kutoka Sierra Leone, alisimama. "Na mikono yetu sisi wakati huo ilikuwa imelala?" Akawachukua wajukuu wake wawili, akatoka. Wiki tatu hawakurudi, na wazazi wengine wakaanza kuniuliza nimesomea wapi. Niliamua kulifunga darasa.

Kwanza nikataka kumwandikia Mama Kadiatu barua ya kuomba radhi. Niliiandika mara kumi na moja. Dada yangu Mwanajuma, ninayeishi naye Lakeville, akaipokonya ya kumi na moja. "Wewe utaandika sorry mpaka lini? Mpigie mama wa watu." Nikampigia. Akasikiliza, akasema, "Baragumu lenyewe umeliona kwa macho?" Nikasema nimeona picha tu, ingawa liko jumba la makumbusho la hapa Minneapolis. "Basi nipitie Jumapili baada ya ibada."

Jumapili saa sita tuliondoka Lakeville. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni mwa barabara, nyeusi kama masizi. Nilikuwa na maswali yangu kwenye karatasi, nikiyasoma na kuyasahihisha.

"Mimi nina-drive, wewe una-panic," dada alisema. "Weka hiyo karatasi."

Brooklyn Center tulimkuta Mama Kadiatu amesimama mlangoni, koti hadi visigino. Alikagua viatu vyangu, kisha uso wangu. "Umekonda. Kosa moja tu limekufanya hivi?" Tulizungumza Kiingereza, lugha ambayo sote watatu tumeiazima.

Saa nane tulifika kwenye jumba la makumbusho, Minneapolis. Baragumu lilikuwa ndani ya sanduku la kioo, rangi ya samli iliyoganda, refu kama mkono wangu. Nikaanza kumweleza niliyokwisha kuyasoma upya: kwamba Wareno walipofika pwani ya Sierra Leone, mwishoni mwa karne ya kumi na tano, waliwakuta wachongaji waliowaita Wasapi, wakawaagiza vijiko, vikasha vya chumvi na mabaragumu ya kuwapelekea wakubwa wao. Wachongaji walioneshwa picha za vitabuni, wakawachonga wanyama ambao hawakuwahi kuwaona.

"Hayo umesoma. Sasa tazama." Mama Kadiatu akagusa kioo kwa ukucha. "Macho ya huyu mwindaji."

Yalikuwa makubwa, yametokeza kama maharagwe yaliyorowekwa.

"Baba yangu akilima mpunga alikuwa akichimbua vijisanamu vya mawe, vya watu wa kale. Macho ni haya haya. Tuliviweka shambani vilinde mpunga. Mpunga ukikataa, tulivichapa."

"Mlichapa mawe?" dada aliuliza.

"Kwa fimbo. Vilikuwa na kazi, na havikuifanya."

Dada alicheka hadi mlinzi akatugeukia. Mama Kadiatu hakumjali. Aliinua ngumi mbili, akaziweka kando ya mdomo kama mtu anayepiga filimbi. "Mpuliza pembe wa chifu wetu alipulizia ubavuni, hivi. Hili tundu lake liko nchani, kwa sababu mgeni ndivyo alivyozoea. Fundi alimchongea mgeni kitu cha mgeni. Kwenu je, mnapulizia wapi?"

Kwetu ni Lamu. Siwa ya Pate, baragumu la kifalme la pembe ya ndovu, niliiona nikiwa darasa la tano, tulipopelekwa na mwalimu. Tundu lake liko ubavuni. Jambo hilo nililijua miaka yote, ila sikulipata kitabuni, kwa hiyo sikulihesabu kuwa elimu.

"Ubavuni," nikasema.

"Basi ulikuwa na pa kuanzia."

Chumba cha pili kilikuwa na pembe nzima iliyochongwa kutoka ufalme wa Benin, ya kusimamishwa kwenye madhabahu ya mfalme aliyefariki. Kibao kilisema ilichukuliwa Waingereza walipouvamia mji mwaka 1897. Dada alirudi nyuma. Sisi tumekulia nchi inayochoma hadharani pembe za majangili. "Mimi hapa naona ndovu aliyekufa," alisema.

"Na mimi," Mama Kadiatu akajibu. "Lakini fundi naye yumo. Usimtupe mmoja ili umwone mwingine."

Saa kumi na moja tulimrudisha kwake. Kabla hajafunga mlango wa gari nilimwuliza kama wajukuu watarudi. "Watarudi kwa mtu atakayesema mbele yao alichowakosea. Si kwa barua."

Jumamosi iliyofuata nilisimama tena mbele ya darasa. Nilisema: wiki ile niliwadanganya, si kwa kukusudia, bali kwa kukisia. Wachongaji walikuwa Waafrika. Wajukuu walikuwa mstari wa mbele. Mama Kadiatu aliniacha nimalize, kisha akasimama kuongeza habari za mawe na fimbo, na ukumbi ukacheka.

Sikulifunga darasa. Sasa tunalifundisha wawili, yeye na mimi, meza moja, na nikikosea hunikatiza papo hapo. Nisichokijua nasema sikijui, na sijakosa kipindi hata kimoja.