Mjukuu Wangu Aliacha Kuangalia Chini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa, na simu muweke kando. Shule yangu iliishia pale mtu anapojua kusoma Biblia na kuandika jina la mtoto kwa kadi ya kliniki, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea. Wengine wenu mnafikiri karate ni ya kurusha mateke na kujipiga picha. Nitawaambia kile nilichoona, na nilikuwa karibu.

Binti yangu alipopata kazi ya nyumba kule Arabuni, aliniletea msichana wake kutoka Kawangware, walikokuwa wakiishi. Mimi nakaa Kibera, upande wa Sarang'ombe, na mwanangu wa mwisho na mke wake. Mtoto alikuja na begi moja. Ndani kulikuwa na nguo ya shule, sweta, na nguo nyingine nyeupe nzito, suruali na koti lisilo na vifungo, na mshipi mweupe wa kulifunga.

"Mama," binti yangu akaniambia pale mlangoni, "hata ukimnyima kitu gani, usimnyime Jumamosi yake. Hiyo ya karate. Ameanza juzi tu."

Nilipoanika zile nguo, jirani alisimama akaziangalia sana. "Mmehamia kanisa ya kanzu nyeupe?"

"Hapana. Ni za karate."

Akaugusa ule mshipi. "Na hiyo karate, huwa mnaomba Jumamosi ama Jumapili?"

Mimi nilizaliwa Kitui. Kwetu, mtoto akiongea na mkubwa, macho yake yako chini. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo, na ndiyo niliyolea nayo wangu wote. Kwa hivyo nilipoona huyu msichana hainui macho, nilifurahi, nikasema mama yake amemlea vizuri. Kukaa naye kidogo nikaona hiyo si heshima. Aliangalia chini mbele ya watoto wa rika lake. Aliangalia chini akitumwa sukari dukani, mpaka mwenye duka anamuuliza mara ya pili na ya tatu anataka nini. Akinijibu "ndio, susu", vile sisi Wakamba tunavyoita nyanya, ilibidi nisogeze sikio.

Sasa, bomba letu la maji liko mbele ya mahali ninapokaangia mandazi. Kwa bomba, watu hawapangi foleni. Mitungi ndiyo hupanga. Unaweka mtungi wako nyuma ya mwingine, unaenda kufanya kazi zako, na ukirudi unaukuta mahali pake. Mtungi wa mtu hausogezwi. Hiyo ni sheria ambayo hakuna mtu aliiandika, na hata mlevi anaifuata.

Mwenye bomba akaweka kijana wa kulisimamia, kijana mwenye mabega mapana na maneno mengi. Huyo ndiye alianza kusogeza mitungi. Si ya kina mama. Ya wasichana. Msichana akirudi, anakuta mtungi wake umetupwa nyuma kabisa. Akiuliza, anashikwa mkono na kuambiwa aombe vizuri, atabasamu kwanza. Wengine walitabasamu. Mtu afanye nini, na nyumbani hakuna maji?

Wangu hakuuliza na hakutabasamu. Alirudi na mtungi mtupu akaniambia maji yameisha. Na mimi niko pale pale kwa karai, naona watu wakichota.

Jumamosi iliyofuata nilimwachia jirani karai, nikafuatana na mtoto kwa miguu mpaka Kawangware. Wanafanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa moja, ukielekea Riruta. Mwalimu wao ni kijana anayechomelea mageti siku za wiki. Mikono yake ina alama za cheche.

"Mwalimu," nikamwambia kabla hata sijaketi, "mfundishe huyu kupiga. Kuna mtu nataka apigwe."

Hakucheka. "Nani huyo, mama?"

Nikamweleza yote, bomba, mitungi, mkono kushikwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi sifundishi mtoto aende kutafuta mtu ampige. Akifanya hivyo, mshipi wake anaurudisha hapa."

"Sasa unamfundisha kupiga ili asipige?"

"Namfundisha kusimama kwanza. Mtoto asiyeweza kusimama atapiga ngumi moja na kukimbia. Na yule mtu atamfuata mpaka kwako."

Sikupenda hilo jibu. Nikaenda kukaa kwa benchi.

Watoto wakainamiana, wakajipanga, wakaanza kupiga hewa, na kila ngumi wanaitolea sauti. Kisha mwalimu akamwita wangu mbele, atoe sauti peke yake. Ikatoka kama ya kifaranga. Wengine wakacheka. Mwalimu hakuwagombeza. Aliwaambia waliocheka waje mbele nao, mmoja mmoja, watoe ya kwao huku wenzao wote wakiwaangalia. Eh! Vicheko viliisha. Kuna mvulana mkubwa sauti ilimkwama kabisa. Halafu akamrudia wangu.

"Tena. Toa hapa," akajigusa tumbo. "Na macho juu. Humtishi mtu. Unamwangalia tu."

Mtoto akainua macho. Akatoa sauti ikagonga mabati, na mimi kwa benchi nikashtuka kama nimeitwa.

Msifikiri alibadilika siku hiyo. Ilichukua muda mrefu, na kwanza ilikuwa vitu vidogo. Alianza kufua zile nguo nyeupe mwenyewe, bila kuambiwa. Alijikwaa akitoka shule akaja na goti linatoka damu, akaliosha, akakaa kufanya hesabu yake. Siku moja ananisaidia kwa karai, mzee mmoja akachomoa andazi la ziada.

"Baba, umechukua mawili," akamwambia. Kwa adabu, lakini alimwangalia. Mzee akarudisha moja, akaenda akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wana macho ya polisi.

Na mwanangu, huyo mjomba wake, naye akaona. "Mama, huyu mtoto siku hizi ananitazama," akaniambia. Hakusema kama mtu anayefurahi.

Sasa niwaambie siku yenyewe. Maji yalikuwa yamekatika tangu mwanzo wa wiki. Yaliporudi alasiri, mitungi ilijaa mpaka njiani. Mtoto aliweka wake mapema, akaja kunisaidia kukata unga. Aliporudi bombani, yule kijana alikuwa ameutupa nyuma.

Nilimwona akienda kuuchukua. Akaurudisha mahali pake. Kijana akautoa. Akaurudisha tena, kijana akautupa nyuma kabisa. Wenye mitungi wakaanza kuangalia.

"Mrembo, hata salamu hakuna?" kijana akasema, akamshika mkono. "Omba vizuri."

Mtoto akageuza mkono kuelekea kidole gumba cha yule kijana, ukatoka kama samaki. Watu wakacheka. Hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu mwanamume wa aina hiyo anaweza kusamehe tusi, lakini hawezi kusamehe kicheko.

"Ninja! Kumbe tuna ninja hapa! Leta hiyo karate yako, leta!"

Akachukua kipande cha mpira wa maji, ule mgumu mweusi. Mtoto akarudi nyuma hatua moja, mikono wazi mbele ya kifua. Kijana akampiga nao. Mkono wa mtoto ukapanda, mpira ukalia kwa mfupa. Nikasikia mpaka kwa karai.

Nilienda. Nilikuwa na kile kijiko cha matundu cha kuopolea mandazi, kinachuruzika mafuta ya moto, na ninawaambia ukweli, nilikuwa nakipeleka usoni kwa huyo kijana. Nilikuwa nimeshafika karibu.

"Susu, usikuje!"

Hakugeuka kuniangalia. Macho yalikuwa kwa kijana. Mimi, ambaye katika nyumba yangu hakuna mtu huniambia simama, nikasimama. Mafuta yakadondokea kiatu changu.

"Mtungi wangu ulikuwa nyuma ya ule wa mama mwenye leso ya kijani," akasema, na ile sauti ilitoka tumboni. "Urudishe."

Kijana aliinua mpira tena. Nyinyi msidhani mtoto hakuogopa. Lakini hakusogea, na hakukunja ngumi.

"Ni kweli," yule mama wa leso akasema. "Alikuwa nyuma yangu."

"Mimi pia nimeona," mwingine akasema. "Weka hiyo kitu chini. Unapiga mtoto wa nani?"

Wakaanza kusogea wakaja karibu. Kijana akaangalia huku na huku, akatupa mpira. Mtungi hakuurudisha yeye, aliurudisha mama wa leso. Mtoto akachota maji yake, akaubeba mtungi kwa mkono mzima, na ule mwingine umeanza kuvimba.

"Tutaonana," kijana akasema akitupita. "Mjomba wake si anafanya kibarua kwa tajiri yangu? Basi."

Hilo neno liliniingia kuliko mpira. Mwenye bomba ndiye alikuwa akijenga nyumba za kupangisha kule chini, na mwanangu alikuwa akimbebea mawe.

Mwanangu alifika jioni, mke wake akisonga ugali. Hakusalimia.

"Vaa viatu," akamwambia mtoto. "Nimeambiwa nisikanyage kazini kesho mpaka uombe msamaha. Twende sasa hivi."

"Sikumpiga, mjomba."

"Sikukuuliza kama umempiga!"

"Yeye ndiye amenipiga. Mimi sikumpiga."

Aliongea polepole, na alikuwa anamwangalia. Mwanangu akaona hayo macho, akasahau hata kazi.

"Angalia chini ukiongea na mimi!"

Hakuangalia chini. Mjomba wake akamshika mkono, ule ule wenye uvimbe. Mtoto akakunja uso. Pale bombani alikuwa ameutoa mkono mara moja. Kwa mjomba wake hakuutoa.

"Mjomba, huo ndio umeumia. Niachilie, tafadhali."

"Ama utanipiga na mimi? Eh? Leta! Tuone hiyo karate ya Kawangware!" Mkono wake mwingine ulikuwa juu. Mke wake akaacha mwiko ndani ya sufuria. Kisha mwanangu akanigeukia, na mkono bado uko juu. "Mama, mwambie. Si wewe ulitufundisha? Mwambie aangalie chini."

Na ni kweli. Nilimfundisha hivyo, kwa kiboko mara nyingine, na bado sioni kwamba mtoto kumheshimu mkubwa ni ubaya. Lakini nilimtazama yule msichana, machozi yanamtoka na macho yako juu, nikaelewa mahali tulipofika. Nikimwambia ayashushe hapa, kesho atayashusha pale bombani. Kisha atatabasamu. Na hakuna mwalimu wa Kawangware atakayeyainua tena, kwa sababu atakuwa ameyashusha kwa amri yangu.

Nilijua pia kazi itapotea. Na ilipotea, nisiwafiche. Tulikula mandazi yaliyobaki kwa siku nyingi kabla mwanangu hajapata kibarua kingine.

Sikuinuka. Nilisema nikiwa nimekaa kwa kiti changu, na sikupaza sauti:

"Teremsha huo mkono, na ule mwingine uuachilie. Hakuna mtu wa nyumba hii anaenda kuomba msamaha kwa mtu aliyempiga mtoto wetu. Wewe chukua kitambaa na maji baridi, umkande mpwa wako mwenyewe, kwa mikono yako. Wewe mkamwana wangu, pakua, mtoto aanze kula. Na Jumamosi ni wewe mjomba utakayempeleka Kawangware, ukae kwa benchi mpaka wamalize."