Saa Moja Bila Kusemeshana

Imogen Thackray alikuwa na miaka ishirini na tisa, na siku za kazi zilipita tele bila mtu yeyote kumwita kwa jina lake la kwanza. Makarani wa ofisi yao ya mawakili kule Leeds walimwita Bi Thackray. Majaji walimwita Bi Thackray. Wapinzani wake walimwita "mwenzangu msomi", hata pale walipokuwa wanamchana vipande vipande. Uwakili wa namna yake ndivyo ulivyo: una ofisi lakini huna bosi, una wenzako lakini kila mmoja anahangaika na lake. Jumatatu anamtetea polisi aliyefukuzwa kazi. Jumatano anawashitaki polisi kwa niaba ya mama aliyevunjiwa mlango. Ijumaa yuko mji asioujua, anabishana na halmashauri juu ya mzee aliyenyimwa mtu wa kumwogesha. Hachagui. Kesi iliyofika ndiyo yake, kama dereva wa teksi kwenye foleni. Watu wakimuuliza kwenye sherehe yuko upande gani, husema yuko upande wa aliyempa karatasi za kesi. Wao hucheka, kisha huenda kuongea na mtu mwingine.

Alikuwa mpweke, tuseme wazi. Hakumwambia mtu, na wa kumwambia hakuwepo.

Mwezi wa Machi karani mkuu, Mosley, alisimama mlangoni kwake na faili mkononi.

"Bi Thackray. Mahakama ya Kazi, Hull, siku mbili. Mama alikuwa anapokea simu za dharura za polisi, wamemtimua."

"Upande wa polisi yuko nani?"

"Bwana Garside."

"Garside wetu? Wa chumba cha pili?"

"Huyo huyo. Msigombane kwenye treni, tafadhali."

Wala si ajabu. Mawakili wa ofisi moja husimama pande mbili za kesi, wakachuana mchana kutwa, kisha wakachemsha maji ya chai kwenye birika moja. Wenyewe wamezoea. Wateja ndio hushangaa.

Mteja alikuwa Bi Glenys Ousby, miaka hamsini na tisa, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa na vifaa vya simu masikioni. Aligundua kwamba simu za watu waliokuwa wakisubiri msaada zinafungwa kwenye kompyuta kana kwamba polisi wamekwisha kufika. Akamwambia msimamizi wake. Miezi miwili baadaye alifukuzwa, eti alimjibu vibaya mpiga simu. Msimamizi alikana kuambiwa chochote. Bi Ousby alitaka kitu kimoja: iandikwe na jaji kwamba hakusema uongo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mashahidi wa polisi. Wakati wa chai Bi Ousby alimkaribisha wakili wake vibanzi vya viazi vya pakiti, vya ladha ya kitunguu, naye akakataa, akaeleza kwamba hali kitunguu siku ya kusimama mbele ya jaji. "Ee, hiyo akili," Bi Ousby akasema. Siku ya pili ilikuwa ya Bi Ousby kutoa ushahidi. Asipomaliza kuhojiwa, kesi imekufa.

Sasa kuna sheria moja. Shahidi akishaanza kutoa ushahidi, mpaka amalize, wakili wake haruhusiwi kuzungumza naye juu ya kesi. Mawakili vijana huiogopa sheria hiyo kiasi kwamba hawathubutu hata kumpa shahidi salamu. Aliyekomaa humwambia mteja mapema: tukifika hapo nitakukwepa, usinichukie. Imogen alijua hivyo. Lakini asubuhi ya siku ya pili treni ilichelewa, akaingia anahema, akamwambia Bi Ousby akae wima, ajibu polepole, asibishane. Hilo moja akalisahau.

Lucian Garside alimhoji kwa saa mbili, kwa upole mtupu, na upole wake ndio uliouma.

"Kwa hiyo hakuna barua pepe, hakuna mtu aliyesikia?"

"Nilimwambia kwa mdomo. Nilimwona anaandika."

"Labda alikuwa anaandika vitu vya kununua sokoni, Bi Ousby."

Mtu nyuma alicheka. Bi Ousby alifungua mdomo, akaufumba. Ilipofika saa saba jaji aliahirisha kwa saa moja, akamwonya shahidi kwamba bado yuko kwenye kiapo na asizungumze na yeyote kuhusu ushahidi wake.

Kwenye korido Bi Ousby alimfuata Imogen, mkono mmoja ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

"Binti, nimeharibu, eti?"

Imogen aliinua kiganja. "Siwezi," alisema, akamgeuzia mgongo, akaenda mbio kama anayekimbia mvua. Nyuma yake akasikia sauti ndogo ikisema, "Haya."

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuongea naye katika jengo lile alikuwa mpinzani wake. Wakavuka barabara, wakaagiza supu, wakakaa dirishani. Lucian akasimulia habari ya jaji aliyesinzia katikati ya hoja, akashtuka na kusema, "Ombi limekubaliwa!" Imogen alicheka mpaka machozi. Wiki nzima hakuwa amecheka. Alipoinua uso, Bi Ousby alikuwa amesimama nje ya kioo na mfuko wake. Imogen aliinua mkono, akakumbuka sheria, akaushusha. Bi Ousby akaondoka.

Saa nane kiti cha shahidi kilikuwa kitupu.

"Bi Thackray, shahidi wako yuko wapi?" jaji aliuliza.

"Sijui, Mheshimiwa."

"Nasubiri hadi saa nane na nusu. Baada ya hapo nitasikiliza ombi la Bwana Garside."

Ombi hilo kila mtu alilijua: kesi itupwe. Imogen aliomba ruhusa ya kumtafuta na kumsemesha shahidi, bila kugusa ushahidi. Lucian angeweza kupinga. Alisimama, akasema hana pingamizi, akakaa bila kumtazama.

Imogen alitoka mbio. Alimkuta stendi ya mabasi, ameketi peke yake, mfuko mapajani.

"Ondoka, binti. Utajiletea matatizo."

"Nimepewa ruhusa. Si ya kuongea ushahidi. Ya kukuita tu."

"Basi umeniita."

"Sikuruhusiwa kusema nawe, Bi Ousby. Nilitakiwa kukuambia asubuhi, nikasahau. Kosa ni langu."

"Lakini na yule uliruhusiwa."

"Na yule niliruhusiwa."

"Na kucheka pia."

"Na kucheka."

Bi Ousby aliitazama saa ya stendi. "Sheria hiyo aliitunga mtu mwenye marafiki wengi." Akauweka mfuko vizuri mapajani. "Sisi kwenye simu tulikatazwa kitu kimoja. Usimwache mtu kimya. Hata kama huna la kumwambia, hata kama gari halipo, unamwambia nipo. Nipo, nipo, mpaka wafike."

Imogen alitaka kusema "nipo". Neno lilikuwa tayari mdomoni, ila lingekuwa uongo, na siku hiyo alikuwa amechoka na uongo.

"Sikuwepo," alisema. "Rudi umalize, tafadhali. Zimebaki dakika kumi na mbili."

Bi Ousby aliinuka. "Usinishike. Natembea mwenyewe."

Walifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Lucian alianza pale pale alipoishia, kwenye vitu vya sokoni, na safari hii mama hakufumba mdomo.

"Aliandika kwenye daftari la kijani lililoungua kona moja," alisema. "Linakaa droo ya juu, mkono wa kulia. Kama ni la sokoni, lileteni tuone alinunua nini."

Lucian aligeuka kuwatazama watu wake. Watu wake wakatazama chini. Jaji akaandika kwa muda mrefu. Baada ya wiki saba hukumu ilikuja kwa posta: Bi Ousby alisema kweli.

Lakini siku ile hakuna aliyejua. Walipotoka, Bi Ousby alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote.

"Sasa unaruhusiwa?"

"Sasa naruhusiwa."

"Basi langu linaondoka sasa hivi. Shika." Akatoa mfukoni kopo la aiskrimu lenye mfuniko wa buluu. "Nililitengeneza asubuhi. Mchana, pale kwenye korido, nilikuwa nakupa hili tu." Akashuka ngazi bila kugeuka.

Lucian alibaki mjini kuongea na wateja wake. Imogen alipanda treni peke yake, akakaa upande wa mto, akaliweka kopo mapajani. Walipokuwa wanapita chini ya daraja kubwa alilifungua. Kulikuwa na sandwichi mbili za mayai zilizofungwa kwenye karatasi ya foili. Juu ya moja kulikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu: bila kitunguu.

Zote mbili zilikuwa nzima. Bi Ousby hakuwa amekula yake.

Imogen aliichukua ile yake, imekauka kingo, akaila yote mpaka stesheni ya Selby huku analia. Ile nyingine aliiacha ndani ya kopo, akarudisha mfuniko.