Wafiwa wa Delbert

Laurentine alikuwa akipanga mikate ya asubuhi katika hoteli moja ya Stockholm, mama mmoja mzee kutoka Marekani, jina lake Arlene, alipomwambia amekuja kumchukua mjomba wake. Wazamiaji walikuwa wameopoa mifupa baharini, ikalinganishwa na mate ya Arlene kwa kipimo cha DNA, ikathibitika ni Delbert, askari wa ndege ya mabomu aliyekufa vitani miaka themanini iliyopita. Kesho angesafirishwa kwenda kwao.

"Na kilio mlifanyia wapi?" Laurentine akauliza.

"Nani angelia? Waliomjua wamekwisha wote."

Laurentine alikimbia vita kutoka Uvira, Kongo. Kaka yake alibaki huko, hakuna ajuaye amelala wapi. Kwa hiyo jambo hili hakulikubali: mtu apatikane, kisha arudi kwao bila kuliliwa! Akapiga simu huku na huku. Jioni ukumbi wa kanisa mtaani Bredäng ulijaa wakimbizi wenzake, wali na chai. Picha ya kijana wa miaka kumi na tisa ilikuwa mezani, na Arlene mbele kabisa, hajui mikono aiweke wapi.

Kwao marehemu haliliwi kabla historia yake haijasomwa. Arlene akasimama, naye Oduor, Mkenya, akatafsiri. Injini mbili ziliteketea juu ya Ujerumani. Rubani akakimbilia Uswidi, nchi iliyokuwa nje ya vita, na ndege ikatumbukia majini nchi kavu ikionekana. Delbert alikuwa ubavuni mwa ndege, kwenye bombomu, bunduki ya kufyatua mfululizo. Arlene akaketi.

Halikudondoka hata chozi moja. Laurentine akaona aibu; ni yeye aliyewaita.

"Hiyo ni historia ya ndege," akasema Mama Emérithe, Mrundi asiyeumauma maneno. "Sisi hatulilii chuma. Huyu mtoto alikuwa nani?"

"Sikumjua. Nilizaliwa baada ya vita."

"Lakini mama yako alikuwa dada yake," Laurentine akamsihi. "Alikusimulia nini?"

Arlene akaitazama picha. "Alikuwa akila vitunguu vibichi, hivi hivi, kama matunda."

"Ala! Na mdomo huo mchumba alimpata wapi?" Emérithe akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

Arlene naye akacheka. "Hakumpata. Alikuwa na kigugumizi, akiona msichana, yeye anakuwa bubu. Ulimi ulifunguka kwa ng'ombe tu. Aliwaimbia akiwakamua, bila kukwama hata neno." Akaigusa picha. "Siku ya kwenda vitani alimbeba mama mabegani mpaka barabarani. Mama alikuwa na miaka tisa. Akamwambia, 'Nikirudi, sikubebi tena, utakuwa mzito.' Hakuwa amewahi kuona bahari. Hata kuogelea hakujua."

Emérithe akashika kichwa. "Yoo! Mwana wetu! Delbert wee!"

Kilio kikashika ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake. Laurentine akasimama ameduwaa. Watu waliofukuzwa makwao na vita vyao wenyewe walikuwa wakimlilia kijana wa vita vya wengine, wakimwita kwa jina kana kwamba alicheza uani kwao. Pembeni yake Arlene alikuwa amejikunja, akilia kama mfiwa wa jana. Laurentine akapiga magoti, akamkumbatia, naye akalia.

Kesho Delbert angeweza kwenda.